Masweta tisa, watoto watatu: uchambuzi wa kisa cha mama mfumaji wa Mufindi

Kisa chenyewe kwa kifupi

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, mwenye watoto watatu wadogo na hamu kubwa ya kurudia kazi yake ya kufuma. Majina nimebadilisha, jina la kijiji na la shule nimeliacha, na mambo ya kifamilia yasiyohusiana na somo nimeyaweka kando. Yeye mwenyewe amesomewa andiko hili na ameridhia litumike. Nitamwita Mama Pendo, na mumewe Baba Pendo.

Naandika kwa ajili ya akina mama wanaofuma na kwa wanaofundisha vikundi vya ufumaji kama mimi. Karibu kila kikundi ninachokutana nacho kina mtu wa kuuliza: "Dada, muda wa kufuma unaupata wapi na hawa watoto?" Majibu anayopewa ni yale yale: amka mapema, chelewa kulala, jipange. Mama Pendo aliyafuata yote matatu, na karibu yamletee msiba nyumbani. Kilichomsaidia baadaye ni kuibadili kazi yenyewe, ikawa kazi inayoweza kuwekwa chini dakika yoyote bila kuharibika.

Mazingira

Mufindi ni wilaya ya chai, misitu ya kupandwa na mbao. Ikifika Juni na Julai baridi huwa kali kiasi kwamba mabondeni asubuhi unaweza kukuta sakitu juu ya majani, na ukungu unakaa hadi saa nne. Mtoto haendi shule bila sweta. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na huku kwetu sweta ni sehemu ya sare. Mwenye sindano na mkono mzuri hakosi wateja.

Mama Pendo alifundishwa kufuma na bibi yake huko Makete akiwa bado shule ya msingi. Alipoolewa alikuja na sindano zake, na mimba ya kwanza aliibeba huku akifuma: kofia, soksi, blanketi dogo la njano ambalo bado lipo. Mtoto wa pili alipozaliwa, mfuko wa nyuzi ulipanda juu ya kabati ukabaki huko.

Wakati kisa kinaanza, katikati ya Aprili, Pendo alikuwa na miaka mitano na anasoma darasa la awali, anarudi nyumbani adhuhuri. Mdogo wake alikuwa na miaka miwili na nusu, umri wa kugusa kila kitu. Kichanga alikuwa amefikisha miezi sita, ndio kwanza anaonjeshwa uji. Baba Pendo anafanya kazi ya mbao. Anatoka kabla hakujapambazuka vizuri na kurudi jioni, isipokuwa Jumamosi anapotoka saa saba mchana. Mama mkwe anakaa nyumba ya pili. Ni mtu mwema na mwenye msaada, ila kuanzia Mei ni msimu wa kuvuna mahindi, naye shamba lake halimngoji mtu.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzo ulikuwa mzuri. Pendo alikuwa na sweta la dukani la rangi ya damu ya mzee, la uzi mwembamba wa mashine, na kufikia Aprili viwiko vilikuwa vimeanza kuonyesha mwanga. Mama yake akashusha mfuko kutoka juu ya kabati, akanunua uzi wa rangi hiyo hiyo, akaanza sweta zito la mkono lenye shingo ya V. Alikuwa analifuma akiwa amesimama getini akimsubiri Pendo, kichanga akiwa mgongoni. Wazazi wengine waliliona.

Ndani ya wiki moja akawa na oda nane. Wengi walitoa kianzio, naye akawaahidi wote kwamba yatakuwa tayari kabla shule haijafungwa mwanzoni mwa Juni. Ukiweka na la Pendo, ni masweta tisa.

Mchana haukumpa nafasi. Asubuhi ni maji, uji, kufua nepi, na kwa ukungu wa huku nepi zinahitaji siku mbili kukauka. Kisha chakula cha mchana, Pendo amerudi, kichanga amelala na wa kati hajalala, au kinyume chake. Kila alipokaa na kushika sindano, kuna aliyemwita. Akahamishia kazi yote usiku. Watoto wakilala saa mbili, yeye anaanza saa tatu, hadi saa saba, na siku nyingine saa nane. Kichanga akiamka kunyonya saa kumi, usingizi wa mama umekatika tena.

Mambo matatu yakafuata kwa mpigo, na yote matatu yanatufundisha.

La kwanza lilikuwa vipimo. Mgongo wa sweta la mteja wa kwanza aliufuma siku za mwanzo, akiwa na nguvu: mishono 80, na kwa kila sentimita 10 ilikuwa inaingia mishono 22. Kifua alikifuma usiku wa manane baada ya wiki mbili za kukosa usingizi. Uzi ni ule ule, sindano ni zile zile, mishono ni 80 ile ile. Lakini mkono ulikuwa umebana kwa uchovu, mishono 24 ikaingia katika sentimita 10. Mgongo ulitoka na upana wa sentimita 36, kifua sentimita 33. Aliponiletea vile vipande na kuvilaza mezani, alikuwa anavivuta kwa vidole akijaribu kuvilazimisha vilingane. Havikulingana. Ikabidi kifua chote kifumuliwe.

La pili lilikuwa mtoto wa kati. Asubuhi moja alikuta mkono wa sweta umeachwa juu ya kiti, akachomoa sindano akaenda nayo uani kuchimbia mchanga. Mishono yote ikabaki wazi, na alipoushika ule uzi akaukimbiza hadi mlangoni, kazi ya usiku mbili ikafumuka. Mama Pendo alimchapa. Anasema hilo ndilo linalomuuma kuliko sweta, kwa sababu mtoto hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kuwa na miaka miwili.

La tatu lilikuwa jiko. Usiku wa Mei huku kwetu vidole vinakufa ganzi, na huwezi kufuma kwa vidole vilivyokufa. Alikuwa anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha kwa sababu ya upepo, anakaa karibu na moto, na kichanga amelala kitandani hatua chache kutoka hapo. Usiku mmoja alishikwa na kichwa kikali, akasimama akayumba. Alidhani ni usingizi. Alipomnyanyua mtoto akamwona amelegea kuliko kawaida, akafungua mlango na kutoka naye nje kwenye baridi. Mtoto alichangamka baada ya muda, na asubuhi walikwenda zahanati wote wawili.

Nitalisema hili wazi hata kama si la kufuma. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyoonekana, na mtoto mchanga huathirika haraka kuliko mtu mzima. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ndizo dalili, na zinafanana mno na uchovu. Zaidi ya hapo, uzi mwingi tunaouziwa madukani kwa jina la uzi wa sweta ni wa plastiki. Cheche ikiudondokea unayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Jiko na kufuma visikae chumba kimoja.

Siku chache baadaye alikuja kwenye kikundi akiwa na mfuko mzima, akitaka kumpa mwenzake nyuzi zote. "Dada, mimi nimeshindwa," alisema. "Nirudishe vianzio vya watu, nilee watoto."

Maamuzi, na sababu zake

Kabla ya kuamua lolote tulikaa na karatasi. Nilimwomba afume mstari mmoja wa mishono 80 nikitazama saa, kichanga akiwa amebebwa na mwenzetu. Dakika tatu na kitu. Mgongo wa sweta la mtoto wa umri wa Pendo, wenye urefu wa sentimita 40, kwa uzi ule una mistari kama 120; hiyo ni zaidi ya saa sita za mkono kutembea bila kusimama. Kifua ni karibu hivyo hivyo. Mikono miwili kwa pamoja inakaribia kipande kimoja kama hicho. Ongeza shingo, kuunganisha na kuficha nyuzi, unafika kama saa 20 kwa sweta moja. Masweta tisa ni saa 180. Tangu katikati ya Aprili hadi shule kufungwa kuna kama wiki saba, kwa hiyo alikuwa ameahidi zaidi ya saa tatu na nusu za kufuma kila siku, Jumapili ikiwemo.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Hadi siku hiyo alikuwa anajiona mvivu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa usiku: sindano zinawekwa chini kichanga anapolazwa, basi. Hakukuwa na mjadala hapo.

Wa pili ulikuwa wa oda. Alibakiza tatu za watu aliowajua zaidi. Mbili alimkabidhi fundi wa mjini mwenye mashine ya kufumia, baada ya kuwauliza wenyewe kama wanakubali sweta la mashine. Tatu alirudisha vianzio. Fedha ya kianzio kimoja ilikuwa imekwisha kutumika kwa sukari na mafuta ya taa, na Baba Pendo ndiye aliyeifidia. Hapo ndipo yeye naye alipoanza kuuliza maswali juu ya kazi hii.

Watu wengi, nikiwasimulia, husema hapo kwenye mashine ndipo angepaswa kuelekea: anunue mashine, saa 20 ziwe chache. Tulilijadili na tukalikataa, na bado naona tulikuwa sahihi. Mashine inapunguza saa, lakini inataka mtu asimame mbele yake kwa mfululizo, mikono yote miwili kazini, macho kwenye vindoano vingi vidogo ambavyo mtoto akivigusa vinapinda au vinamchoma. Ukiachia katikati ya mstari kumkimbilia mtoto, unaweza kurudi ukakuta uzi umekwama na kipande kimeanguka. Mashine ni ya nyumba yenye mtu mwingine wa kushika watoto. Sindano mbili ni za polepole, ila unaziweka mfukoni mwa aproni na kwenda zako.

Uamuzi wa tatu ndio uliobeba kisa kizima: tuligawa kazi ya sweta kwa kiasi cha akili inachotaka. Mgongo, sehemu ya chini ya kifua, na mikono kuanzia pale inapokuwa imeshapanuka, hiyo ni kazi ya vidole tu. Mama mzoefu anaweza kuifanya huku akijibu maswali ya Pendo. Kuanzisha mishono, kupunguza kwapani, kugawa shingo ya V na kuunganisha mabega kunataka kuhesabu, na ukikatizwa unaharibu. Zamani alikuwa anafuma sweta kwa mpangilio wa sweta lenyewe: anamaliza mgongo wote, kisha kifua chote. Sasa akaanza kufuma migongo ya masweta yote hadi kwapani na kuiacha hapo, kisha vifua hadi pale shingo inapoanza, akazihifadhi zile sehemu ngumu kwa ajili ya muda mmoja maalumu.

Muda huo ndio uliokuwa uamuzi wa nne, na mgumu kuliko yote, kwa sababu ulimhusu mtu mwingine. Nilikuwepo walipozungumza, kwa kuwa Baba Pendo alitaka kunisikia.

"Shemeji, mimi sikatai afume," alisema. "Lakini nikirudi namkuta amekaa. Mtu aliyekaa si anapumzika?"

Mama Pendo akamjibu kwa upole tu. "Baba Pendo, ukinikuta nasonga ugali, utaniita nikakufungulie geti?"

"Hapana. Utaunguza."

"Basi na shingo ya sweta inaungua hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba moshi wake huuoni."

Walikubaliana Jumamosi, kuanzia Baba Pendo akishakula hadi jua linapoanza kushuka. Yeye anawachukua wawili wakubwa, wanakwenda naye kwa mama yake au kuangalia mpira. Kichanga anabaki, maana bado ananyonya, lakini saa hizo mara nyingi amelala. Hatukuandika saa kamili. Tuliufunga muda huo kwenye jambo linalotokea lenyewe, yaani yeye kurudi na kula, kwa sababu nyumba yenye watoto wadogo haiendi kwa saa ya ukutani.

Mengine yalikuwa ya vitendo. Ncha za sindano zilifungwa mpira kila anapoacha kazi, ili mishono isichomoke hata mtoto akiivuta. Kila baada ya mistari 10 alipitisha kipande kifupi cha uzi mweupe pembeni mwa kazi, akikatizwa asianze kuhesabu upya. Vipande vinne vyeupe ni mistari 40, anaendelea. Pia alijipa sharti la kumaliza mstari alioanza kabla ya kunyanyuka, isipokuwa kwa kilio cha maumivu au hatari. Mstari ni dakika tatu. Mtoto anayetaka kuonyeshwa mjusi ukutani anaweza kungoja dakika tatu, na Pendo alijifunza kuuliza: "Mama, umebakiza ngapi?"

Tulikataza pia kufuma wakati wa kunyonyesha. Alikuwa amejaribu, kwa kuwa ndio muda pekee anaokaa chini kwa uhakika, na wapo wanaofanya hivyo kwa sindano fupi. Lakini sindano zake ni ndefu na za chuma, ncha zinapita jirani na jicho la mtoto.

Matokeo

Sweta la kwanza kati ya yale matatu lilikabidhiwa wiki moja kabla ya shule kufungwa. La pili lilichelewa likafika wakati wa likizo, na mwenyewe alilipokea bila neno. La tatu lilikuwa tayari Julai, shule zilipofunguliwa. Masweta yote yalitoka na vipimo vilivyolingana mbele na nyuma.

Sweta la Pendo, lililoanzisha yote, lilikuwa la mwisho. Alivaa lile la viwiko vyembamba Juni nzima hadi Julai, na fulana mbili ndani yake. Mama yake alilichukulia hilo kwa uzito, na mimi nakubaliana naye: sweta la mtoto wake lingepaswa kutangulia.

Mmoja wa wale waliorudishiwa kianzio aliudhika sana, akasema getini kwamba huyu mama si wa kuaminika. Maneno hayo yalimfikia. Hayakufutika haraka, na msimu ule alipoteza wateja wawili zaidi kwa ajili yake.

Baada ya wiki kadhaa za kulala, maziwa yake, ambayo alikuwa analalamika yamepungua, yalirudi kama zamani. Siwezi kusema ni usingizi peke yake, kwa sababu wakati huo huo alianza pia kula vizuri mchana. Kichwa hakikumuuma tena. Mtoto kwenye kliniki ya kutimiza miezi tisa alichomwa chanjo ya surua na rubella, uzito wake ukiwa unapanda vizuri.

Kisha kuna lile blanketi. Mabaki ya nyuzi za oda, rangi tofauti tofauti, alianza kuyafuma vipande vya mraba vya ukubwa wa kiganja. Hakuna aliyemwagiza. Kipande kimoja kinaanza na kuisha siku ile ile, wakati mwingine katika foleni moja ya kupima uzito wa watoto. Ndicho anachoshika pale anapotaka tu kufuma, na nikimwangalia usoni anapokishika, naona yule msichana wa Makete aliyefundishwa na bibi yake.

Uchambuzi: kilichosaidia

Nikipima yote, mgawanyo wa kazi kwa kiasi cha akili ndio uliobadilisha mambo. Kabla yake Mama Pendo alikuwa na dakika nyingi tu kwa siku: getini, kwenye benchi la kliniki, maharage yakiwa jikoni nje, kichanga akiwa amelala mgongoni. Zilikuwa hazimfai kitu kwa sababu mara nyingi kazi iliyokuwa kwenye sindano ilikuwa imefika mahali pa kuhesabu. Alipohakikisha kwamba mfukoni mwake daima mna kipande kisichohitaji kuhesabu, dakika zile zile zikawa na matumizi. Hakuongeza hata saa moja kwenye siku yake, alipunguza.

Benchi la kliniki linastahili neno lake. Mtoto wa chini ya miaka mitano anapelekwa kupimwa uzito kila mwezi, na foleni huwa ndefu. Akina mama wengi hukaa pale mikono mitupu, wamechoka na kusubiri. Mama Pendo alipoanza kwenda na mraba wake, wawili watatu walivuta benchi karibu, na mmoja wao leo yuko kwenye kikundi. Kufuma mahali penye wenzako pia kunatoa jicho la pili kwa mtoto, jambo ambalo nyumbani hulipati.

Mazungumzo na Baba Pendo yalifanikiwa, naona, kwa sababu yalihusu kazi inayoonekana na isiyoonekana. Hayakuwa mazungumzo ya nani anachoka zaidi. Yeye mwenyewe ni mtu wa mbao na anajua kwamba ukikatizwa katikati ya kupima, mbao inaharibika. Jumamosi ya kwanza aliwarudisha watoto mapema mno, wa kati akilia. Ya pili alikwenda nao kwa bibi yao, na mambo yakatulia.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Tulitarajia mtoto wa kati angeweza kushughulishwa. Tulimpa kikapu chake na donge lake la uzi ili "afume" pembeni ya mama. Siku ya kwanza ilipendeza. Siku ya tatu mama alikuta uzi umezunguka kidole cha mguu cha kichanga, umebana, na kidole kimeanza kuwa chekundu. Uzi uliolegea na mtoto asiyeweza kusema unapombana ni hatari, na unaweza kujificha ndani ya soksi usiuone. Donge lile tuliliondoa, tukalishona jingine la vipande vya kitenge lisilo na ncha ya kuvuta. Halikumvutia. Mtoto wa miaka miwili na nusu anatoa dakika 10, na mpango wowote unaomtegemea atoe zaidi utavunjika.

Kurudisha oda kulichelewa. Hesabu ya saa 20 kwa sweta ingefanyika Aprili, kabla ya kianzio cha kwanza, pasingekuwa na mtu wa kuudhika Juni. Sisi tunaofundisha tunafundisha mishono, tunafundisha vipimo, tunafundisha hata bei, lakini kumfundisha mama apime saa za mkono wake kabla hajaahidi, hilo si vikundi vingi vinavyolifanya. Kikundi chetu sasa kinalifanya siku ya kwanza: kila mtu anafuma mstari wake, tunatazama saa, tunazidisha pamoja.

Jambo jingine lilimhusu mama mkwe. Tulimhesabia kuwa angesaidia siku za katikati ya wiki, bila kumuuliza vizuri, wakati mahindi yake yalikuwa shambani. Alikuja siku mbili akiwa amechoka na hakusema kitu. Ni Baba Pendo aliyetambua. Msaada wa mzee huombwa kwa kumwuliza yeye mwenyewe, tena kwa kutazama msimu.

Hali ilivyo sasa

Kichanga ameanza kutambaa. Kufuma akiwa ameketi mkekani kumekwisha, kwa sababu sindano na mtoto anayetambaa haviwezi kukaa usawa mmoja. Anafuma akiwa amesimama, au mtoto akiwa mgongoni. Kwa msimu wa Januari anapokea masweta mawili tu, na anayachukulia kianzio baada ya migongo yote miwili kufika kwapani. La Pendo, la mwaka ujao, limekwisha anzishwa, na safari hii ndilo lililo mbele. Jumamosi bado ipo, isipokuwa pale kazi ya mbao inapozidi na Baba Pendo anarudi usiku. Wiki hizo shingo za V zinabaki kwenye mfuko hadi Jumamosi inayofuata, na wateja wameambiwa hivyo tangu mwanzo.